Nafasi Kando ya Florida

Kamera ndiyo iliyomwona kwanza, ila hakuna aliyeiamini.

Ilikuwa kamera mpya, ya aina ile inayoutafuta uso wa mtu yenyewe na kuuwekea kimraba cha kijani ili mpigaji asihangaike kulenga. Jovini Niyonkuru aliinunua baada ya kupiga harusi nyingi za Warundi wa Louisville, Marekani, kwa kamera ya kuazima. Asubuhi ile ya Jumamosi, nyumbani kwao Newburg, mizigo ikiwa tayari garini, alimsimamisha mke wake Florida karibu na dirisha la sebule. Jua la kiangazi lilipenya pazia jeupe na kuingia laini, mwanga ambao hakuna taa ya dukani inayoweza kuutoa. Kimraba kilitokea kwenye kioo cha kamera, kikatangatanga, kisha kikatulia. Kilitulia hewani, kati ya Florida na dirisha, kwenye kimo cha uso wa mtu mrefu.

"Vipi, fundi wa harusi?" Florida alimtania. "Kamera imekushinda?"

"Inatafuta mwanamke mzuri, bado haijampata."

"Basi itafute chakula cha njiani pia, maana mimi sipiki tena."

Walicheka. Walikuwa watu wa kucheka, hawa wawili, na ndiyo maana naona uchungu kuisimulia habari hii. Florida alifanya kazi ya kufunga maboksi kwenye ghala, na tangu azaliwe hakuwa na picha iliyomfaa. Alikuwa na za kambi ya wakimbizi, za uhamiaji, za leseni na za kitambulisho cha kazi, zote ametoa macho kama mtu aliyeshikwa na polisi. Walipokuwa wakipanga safari ya kwenda Buffalo kumsalimu mama yake, Jovini aliapa kwamba kila mji watakaopita atampiga picha moja ya maana, kwa mwanga wa jua peke yake, bila flashi. Mtoto wao Kwizera walimwacha kwa jirani wa kanisani. Ilikuwa kama fungate waliyoikosa ujanani.

"Sogea katikati, Mama Kwizera," Jovini alisema. "Umeniachia uwanja mzima huko kuliani kwako."

"Siwezi. Nikisogea naona kama namkanyaga mtu."

Hilo Jovini alilijua. Katika familia ya Florida hakuna aliyesimama katikati ya picha. Kule Mtabila, kambini Kasulu, mpiga picha alipokuja na baiskeli yake na shuka la kutundika ukutani, mama yake Florida, Mama Kostansia, aliwapanga wanawe upande mmoja, akaweka kigoda kitupu upande wa kulia. Nafasi ile ilikuwa ya mumewe, Gatsinzi, aliyerudi Burundi kuangalia shamba lao na hakuonekana tena. Siku akija, angepigwa picha ndogo ya uso, ibandikwe pale, na familia ingekamilika. Kambi nzima ilifanya hivyo. Watoto walikua wakiacha nafasi kwenye kila picha, hata walipofika Marekani ambako hakuna kigoda wala shuka.

Jovini, ambaye naye alikulia kambini, alilelewa kwamba mtu hasimamishwi mlangoni. Kwa hiyo aliinamisha kichwa kuelekea pale patupu na kusema kwa adabu ya mzaha, "Basi mgeni wetu, karibu. Nafasi yako ipo, jisikie nyumbani."

Kimraba, ambacho kilikuwa kikitetemeka, kiliacha kutetemeka. Alibonyeza.

Picha ilitoka nzuri isipokuwa kwa jambo moja. Dirisha lilikuwa kuliani kwa Florida, na kwa hiyo shavu lake la kulia ndilo lililopaswa kung'aa. Lilikuwa na kivuli, kuanzia sikio hadi begani, na ukingo wa kivuli hicho ulikuwa na umbo la bega la mtu mwingine.

Wengi hudhani majini hupenda giza. Sijui nani aliwadanganya. Gizani huwezi kujua kama kuna kitu kimesimama mbele ya mwanga.

Njiani kwenda Columbus jua lilimpiga Florida kupitia dirisha la gari, upande uleule wa kulia, na Florida akaomba kiyoyozi kizimwe. Alisema mkono wake una baridi. Jovini aliugusa, akakuta ni baridi kweli, kama umetoka kwenye maji ya kisimani. Alimwambia ni uchovu wa ghala. Florida alikubali, kwa sababu alitaka iwe hivyo.

Kaka yake mkubwa, Zenoni, aliishi peke yake kwenye apatimenti ya Columbus na alikuwa ametoka shifti ya usiku kiwandani. Alifungua mlango, akamkumbatia dada yake, akampa shemeji yake mkono, kisha akabaki ameushika mlango akitazama nyuma yao.

"Na huyu mbona hamumkaribishi ndani?" aliuliza.

"Nani?" Jovini alisema.

Zenoni alijifuta macho. "Samahani, shemeji. Usingizi unanichezea."

Hata hivyo alipoleta chai alileta vikombe vinne, akaviweka mezani bila kuvitazama. Alisali kabla ya kula, sala ndefu kuliko kawaida yake.

Jioni, jua likiwa bado juu ya miti, walishuka kwenye bustani iliyo kando ya mto. Ule ndio mwanga ambao wapiga picha huuota, mwanga wa dhahabu unaokuja kwa ubavu na kumfanya kila mtu aonekane amependwa. Florida alisimama kwenye nyasi na, bila kufikiri, akaacha nafasi. Safari hii kimraba hakikutangatanga. Kilienda moja kwa moja palipokuwa patupu, kikakaa. Jovini aliielekeza kamera kwenye uso wa mke wake peke yake, karibu kabisa, na kimraba kilizimika, kana kwamba mbele yake kulikuwa na nyasi tu. Alijipiga picha mwenyewe: kikawaka. Alimpiga Zenoni: kikawaka. Akarudi kwa Florida: hakuna. Alibonyeza hivyohivyo, na kwenye kioo Florida alionekana amefifia, kitenge chake cha bluu kimekuwa kijivu, huku kando yake nyasi zikiwa zimelala chini, zimekanyagwa.

Florida aliitaka kamera. Aliitazama picha ile muda mrefu. "Mbona sipo?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Upo. Ni mwanga tu."

"Baba Kwizera, usinidanganye. Wewe mwanga unaujua."

Zenoni alimvuta Jovini pembeni, chini ya daraja, na kumnong'oneza kama mtu anayeogopa kusikiwa na jirani. "Mama alikuwa akiifunga nafasi ile. Ninyi mliifunga?"

"Kuifunga vipi?"

"Picha ikishapigwa, alikaa mwenyewe kwenye kigoda, akasema, 'Hapa pana mwenyewe.' Kisha akakibeba kigoda ndani. Kila mara. Florida alikuwa mdogo, alikuwa ameshakimbilia kucheza. Mimi nilibaki kukunja shuka. Shemeji, hukusema neno, si ndiyo? Hukumwita mtu?"

Jovini alikumbuka mzaha wake wa asubuhi. Alitubu palepale, lakini neno la karibu likishatoka mdomoni halirudishwi kama shati dukani.

Kulipokucha waliondoka. Simu ya Florida, inayofunguka kwa kuutazama uso wake, ilikuwa imekataa kumfungulia tangu alfajiri. Alilala kiti cha nyuma na blanketi la Zenoni juu yake, katika joto la Julai, na Jovini akaweka begi la kamera kiti cha mbele. Walipoingia barabara kuu gari lilianza kulia, mlio ule wa kuonya kwamba abiria hajafunga mkanda. Ni begi, Jovini alijiambia, na akalishusha sakafuni. Gari liliendelea kulia. Alikipapasa kiti kwa mkono wa kulia na kukuta ngozi ya kiti imebonyea, baridi, na ndipo harufu ilipomfikia, harufu aliyoijua tangu utotoni na ambayo haikuwa na sababu yoyote ya kuwepo Ohio, harufu ya turubai la plastiki lililonyeshewa na moshi wa kuni mbichi, na mlio ukaendelea, ukaongeza kasi, na Florida akaguna usingizini kila ulipolia, na malori yakapita huku na huku na jua likiwaka juu ya mahindi pande zote mbili, na kwa kuwa hakuweza kuuvumilia tena mlio ule, wala hakuwa na ujasiri wa kusimama pembeni ya barabara na kukitazama kiti kile uso kwa uso, Jovini aliunyosha mkono wake, akauvuta mkanda, akaupitisha mbele ya kiti kitupu na kuufunga. Mlio ulikoma. Mkanda haukulegea wala kulala kwenye kiti. Ulibaki umevimba mbele, umemkaza mtu.

Nani angefanya tofauti? Mimi nisingekuwa na ubavu huo, na wewe unayesoma usijisifu.

Waliposimama kwenye kituo cha mafuta, karibu na ziwa, Jovini alitangulia. Milango ya kioo ilifunguka yenyewe, akaingia, ikajifunga. Aligeuka na kumwona mke wake amesimama nje mbele ya milango, anapunga mkono juu yake kutafuta jicho la kufungua, na milango haimtambui. Mwanamume mmoja aliyetoka na kahawa alimgonga bega na kupita bila kuomba radhi, bila hata kugeuka. Jovini alikimbia nje kumfuata. Alimshika mikono yote miwili katikati ya pakingi, mchana kweupe, na Florida akalia.

"Naogopa," alisema. "Nahisi natolewa taratibu mahali pangu, na mtu mwingine anaingia. Nikiisha, utamwambia nini Kwizera?"

"Hutaisha. Nakupenda mno, sitakuacha uishe."

Alisema hivyo kwa moyo wote, na hakuwa na la kufanya zaidi ya kuendesha gari.

Mama Kostansia alikaa ghorofani katika nyumba ya mbao ya Lower West Side, Buffalo, na alikuwa mwanamke mkali, mwenye kisukari na maneno mengi, ambaye wauguzi wanaomtembelea walimwogopa. Aliwasikia ngazini, akafungua mlango kwa tabasamu, na tabasamu likasimama. Hakumtazama Florida. Alitazama kuliani kwake, akapandisha macho kidogo, kama anayetazama mtu mrefu.

"Nani alimkaribisha?" aliuliza.

"Ni mimi, Mama," Jovini alisema, macho chini. "Nilifanya mzaha. Nisamehe."

"Sina nafasi ya kukasirika leo. Mlete mtoto dirishani."

Sebule ilikuwa na dirisha kubwa lililotazama mto, na jua la alasiri lilijaa mpaka kwenye kapeti. Mama alimweka Florida kwenye kiti, akaburuta kiti kingine kuliani kwake. Mwanga uliomfikia Florida ulikuwa umekatwa nusu. Alikuwa amekaa juani, lakini uso wake wote ulikuwa kivulini, na midomo imemkauka.

"Kasulu waliita jini," Mama alisema huku akihema. "Mimi sikuliita kitu. Nilijua tu kwamba mahali ukipaweka wazi, kuna wanaopita wakitafuta mahali. Ndiyo maana nilikaa na kusema pana mwenyewe. Waliondoka. Lakini huyu amekaribishwa, hawezi kuondolewa kwa neno hilo. Inabidi nafasi yenyewe ife. Mtu aliyeiweka akae na aseme kwamba mwenyewe haji tena."

"Baba amekufa, Mama?" Florida aliuliza, kwa sauti iliyotoka mbali.

Mama alijishusha kwenye kiti cha pili taratibu, na alipokifikia alitetemeka mwili mzima, akakaza meno, akakaa. Harufu ya turubai bichi ilijaa chumbani, na mapazia yakaanza kupigapiga ijapokuwa dirisha lilikuwa limefungwa.

"Gatsinzi," alisema. "Gatsinzi, mwana wa watu. Mume wangu." Alivuta pumzi. "Gatsinzi..."

Neno lilikuwa hapo mdomoni. Jovini aliliona. Mama alifungua mdomo kulitoa, na kilichotoka ni kile alichokuwa akiwaambia watoto kila jioni kwa miaka yote ya kambini.

"Anakuja."

Kitu kikamsukuma. Alianguka magoti kwenye kapeti, na Florida akashusha kichwa kifuani kama taa inayozimika.

Mama hakulia. Aliinuka kwa kushikilia meza, akanyoosha kitenge chake. "Mkwe wangu, mpeleke mke wako jikoni. Mpe maji yenye sukari. Kisha urudi na kamera yako, ufunge mlango."

Jovini alitii. Aliporudi alimkuta mama mkwe wake amekaa kwenye kiti cha Florida, amejifunga kitambaa safi kichwani, mikono mapajani. Kuliani kwake kile kiti kingine kilikuwa kitupu, na alikuwa amekisogeza karibu kabisa na chake.

"Waliniletea habari kule Mtabila," alisema kwa sauti ya chini. "Walinieleza hata alipozikwa. Niliwafukuza, nikaendelea kuweka kigoda. Kwa hiyo nafasi ni yangu, na mgeni ni wangu." Aligeukia palipokuwa patupu na kulainisha sauti kama anayempokea mtu aliyetoka safari. "Karibu. Mwache mtoto. Mimi ndiye niliyekuwekea."

"Mama, huyu siye yeye," Jovini alinong'ona.

"Najua siye. Ila amekaa mahali pake." Alinyanyua kidevu. "Piga. Sijawahi kupigwa picha na mume wangu."

Jovini aliinua kamera. Kwenye kioo kilitokea kimraba juu ya uso wa mama, na kando yake, juu kidogo, kimraba cha pili. Viliwaka vyote viwili, vimetulia, bega kwa bega. Alibonyeza. Kutoka jikoni Florida aliita kuuliza kama kuna chakula, maana ana njaa ya kufa, na sauti yake ilikuwa sauti yake.

"Usimwambie," Mama alisema. "Atakataa kuondoka."

Waliondoka kesho yake. Milango ya kituo cha mafuta ilimfungukia Florida kabla hata hajaifikia, akarudi nyuma na kuipitia tena kwa kuichezea. Kiti cha mbele alikaa yeye. Kwenye bustani ya Columbus Jovini alimpiga picha aliyoiahidi, mke wake yupo katikati, anacheka, jua limemjaa usoni, na hakuna picha nzuri kuliko ile katika nyumba yao mpaka leo. Picha ya Buffalo hakumwonyesha mtu. Hakuweza kuifuta.

Florida aliamini kwamba mama alisali na Mungu akasikia. Jumapili iliyofuata, mchana, baada ya ibada, alimpigia mama simu ya video. Jovini alikuwa akipiga pasi nyuma yake. Mama alikuwa na furaha kuliko siku zote. Alisema anakula vizuri, analala vizuri, hajihisi mpweke. Mezani kwake palikuwa na vikombe viwili vya chai vinavyotoa mvuke. Alikuwa amekaa pembeni ya kioo, si katikati.

"Mama, sikuoni uso," Florida alisema. "Uko gizani kabisa. Kwani huko kuna mawingu?"

"Hapana, mwanangu. Jua linawaka."

Florida aliguna, akamgeukia mumewe. "Hebu mweleze wewe unayejua mwanga. Mwambie asogee dirishani."

Jovini aliweka pasi chini. Nyuma ya kile kivuli aliuona mto, na jua juu ya maji, na pazia limefunguliwa lote.

"Yupo dirishani," alisema.